Kwani "trapeza" maana yake nini, na jina lenyewe limetoka wapi?

kalamu_ya_mkaa

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali ambalo wengine mtaliona la kitoto, na kweli limetoka kwa mtoto. Mpwa wangu yuko darasa la sita, jana alikuwa anafanya hesabu za maeneo nikakaa pembeni namsaidia, yaani najifanya namsaidia. Mwanzoni tulienda vizuri tu. Pembetatu alinieleza mwenyewe, mjomba hii ina pembe tatu ndio maana inaitwa hivyo. Mraba nikamwambia ni mambo ya nne nne, hapo nilibahatisha. Mstatili nikamwambia umetokana na mstari kwa sababu umbo lenyewe limerefuka kama mstari, akakubali. Alafu tukafika kwenye trapeza.

"Mjomba, trapeza ni nini?" Nikamwambia ni umbo lenye pande nne, mbili zinakwenda sambamba na mbili zimeinama. Akasema hapana, hiyo imeandikwa hapa kitabuni, mi nauliza jina. "Kama pembetatu ni pembe tatu, trapeza ni nini ngapi?"

Nikakwama hapo hapo. Nikamjibu ndivyo linavyoitwa, jibu ambalo mimi mwenyewe nililichukia sana nikiwa na umri wake. Sasa najua humu kuna watu wa lugha na watu wa hesabu, naomba mnisaidie kabla hajarudi tena kesho, trapeza ni nini ngapi?


mzee_wa_rula

Hiyo rahisi mkuu. Imetoka kwa Waingereza, wao mtego wanauita trap, na mitego ile ya zamani ya sanduku ubavu wake ulikuwa umeinama kama umbo lenyewe. Trap, trapeza. Mwambie hivyo.


chaki_mbili

Mzee wa rula hapana bwana, hiyo umeitunga saa hii hii ukiwa unaandika.

Trapeza ni Kigiriki na maana yake ni MEZA. Basi. Meza ya kawaida ya kukalia watu wakala. Na Wagiriki wenyewe wanalitamka trapeza kama tunavyolitamka sisi, hao Waingereza wanaosema trapezium ndio waliolipitisha njia ndefu, maana trapezium ni Kilatini kilichochukua Kigiriki trapezion, yaani kijimeza, meza ndogo. Sasa lipasue neno ndani uone. Hiyo tra- ya mwanzo ni tetra iliyofupishwa, nne, na -peza ni mguu. Miguu minne. Kwa hiyo mkuu mpwa wako kauliza swali lililonyooka kuliko wewe ulivyojibu, trapeza ni nini ngapi? Ni miguu minne.

Ukienda Ugiriki leo utakuta majengo makubwa yameandikwa TRAPEZA nje, usidhani ni shule ya jiometri, ni benki. Zamani wabadilisha fedha walikuwa wanakaa na meza zao sokoni, ukitaka kubadili sarafu unaenda "mezani", polepole meza ikawa ndio jina la biashara yenyewe. Ile habari ya Yesu kupindua meza za wabadili fedha hekaluni, kwenye Injili ya Kigiriki meza hizo zimeandikwa kwa neno hilo hilo. Na msicheke Wagiriki kuita benki meza, kwa sababu hata sisi tumefanya hivyo bila kujua, benki imepita kwa Waitaliano na banco yao, benchi au meza ndefu ya mbadilisha fedha. Ukisema benki na benchi umetaja ndugu wawili.


mzee_wa_rula

Sawa nimekubali kushindwa. Ila mtego wangu ulikuwa mzuri.


kalamu_ya_mkaa

Chaki mbili asante sana, hii imekaa vizuri. Lakini nikuulize kabla yeye hajaniuliza, maana namjua. Meza ina miguu minne sawa, lakini mraba nao una pande nne, mstatili nne, msambamba nne. Kwa nini jina la meza liende kwa hili moja lililoinama? Meza gani imekaa hivyo? Meza nyingi nilizoziona juu ni mstatili.


chaki_mbili

Hapo ndipo utamu ulipo, na ndipo watu wengi wanapopita haraka wakajitungia kisa cha meza ya kale iliyokuwa na umbo hilo.

Euclid, huyu wa Wagiriki wa kama mwaka 300 KK, mwanzoni mwa kitabu chake cha kwanza anapanga maumbo ya pande nne. Anataja mraba, anataja lile refu ambalo sisi ni mstatili, anataja rombo, yaani lenye pande zote nne sawa ila limeinama, anataja lenye kufanana na rombo ambalo kwetu ni msambamba, alafu anafika kwenye mabaki. Anasema mengine yote ya pande nne nje ya haya yaitwe trapezia. Umeona? Trapeza kwake lilikuwa kapu la yale yasiyokuwa na sifa. Mengine yamepata majina kwa sifa zao, pande sawa, pembe mraba, pande zinazotazamana kulingana, hili halina cha kusifiwa zaidi ya kwamba lina miguu minne limesimama. Ni kama ukimuuliza mtu ana gari gani akakujibu, lina matairi manne.

Wazo la pande mbili zilizo sambamba lilikuja kuwekewa mkazo baadaye. Proclus, wa karne ya 5 baada ya Kristo, alipoandika maelezo yake juu ya Euclid akaligawa lile kapu, yenye pande mbili sambamba akayaita trapezion, na yasiyo na pande sambamba hata mbili akayaita trapezoeides, yaani kinachofanana na meza. Meza na kama-meza. Kwa hiyo jina halikutoka kwenye ule mwinamo kabisa, mwinamo umelikuta jina tayari.


rombo_si_mlima

Mimi kilichonitesa ni hicho hicho cha trapeza na trapezoidi. Nilisoma hesabu kwa vitabu vya Waingereza, alafu nikaja kusoma mtandaoni kwa mwalimu Mmarekani, kila akisema trapezoid anachora kile mimi nilichofundishwa ni trapezium, na akisema trapezium anachora kitu kimepinda pande zote kama karatasi iliyochanwa. Nikahisi mmoja wao hajui kazi. Nilipoteza maksi kwenye jaribio la mtandao kwa sababu hiyo na hakuna aliyenieleza kwa nini.


chaki_mbili

Pole, na wote wawili walikuwa sahihi kwao. Lawama iende kwa Charles Hutton, Mwingereza, mwaka 1795 alichapisha kamusi ya hesabu na humo yale majina mawili ya Proclus yakatoka yamebadilishana nafasi, la huyu akapewa yule. Kamusi ilisomwa sana. Wamarekani wakaenda nayo hivyo mpaka leo. Waingereza wenyewe walikaa nayo miaka mingi alafu mwishoni mwa karne ya 19 wakarudi kwenye ile ya zamani. Kiswahili kwa bahati kimebeba trapeza peke yake bila huyo pacha wake, kwa hiyo sisi hatuna ugomvi huo. Afadhali.


seremala_wa_maneno

Niongeze kitu kidogo kwenye hiyo miguu minne maana naona watu wameridhika mapema. Kuna vibao vya udongo vya Pylos, kusini magharibi mwa Ugiriki, vya kama mwaka 1200 KK, vimeandikwa kwa mwandiko ule ambao Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952. Ni orodha za vyombo vya ikulu, na meza zimo, neno limeandikwa to-pe-za kwa sababu mwandiko wenyewe unaandika silabi silabi na unameza konsonanti. Sasa raha yake ni kwamba karani alikuwa anazieleza meza kwa miguu yao, na ziko zinazosomwa kuwa za miguu sita na nyingine ya miguu tisa. Yaani "meza-miguu-minne yenye miguu tisa".

Maana yake hata miaka zaidi ya elfu tatu iliyopita watu walikuwa wameshasahau kuwa ndani ya neno kuna nne. Kwa hiyo mkuu usione vibaya kwamba hukujua, na wenye lugha yao hawakuwa wanaisikia tena.


kalamu_ya_mkaa

😂😂 Meza ya miguu minne yenye miguu tisa, hiyo namuandikia kwenye daftari leo leo.


binti_tarbia

Jamani trapeza mmeitendea haki, ila mimi nimesoma swali la kwanza kabisa na kuna kitu kimenikereketa. Kaka kalamu umemwambia mtoto mstatili umetoka kwenye mstari. Haujatoka huko. Ni kweli yanafanana mdomoni, mst- na mst-, na yote mawili asili yake ni Kiarabu, ila ni mizizi miwili tofauti. Mstari uko kwenye ukoo wa s-t-r, mambo ya kupanga mistari. Mstatili ni mustatil, na hapo unaukata hivi, musta halafu til. Hiyo til ni urefu, tul kwa Kiarabu ni urefu. Kwa hiyo mstatili ni "kilichorefuka". Ulipatia maana ukakosea njia, umefika mjini kwa basi la kwenda kwingine.

Na ile musta- ni kipande ambacho tunacho kwenye maneno mengine tunayoyasema kila siku bila kukitambua. Mstahiki ni musta- juu ya haki. Mstaarabu ni musta- juu ya Mwarabu. Mustakabali ni musta- juu ya ule ule mzizi ulioleta kabla na kabila. Sasa weka mstatili kwenye safu hiyo uone unavyokaa na wenzake, mstahiki, mstaarabu, mstatili. Ni umbo lenye adabu zake.

Mraba ulibahatisha ukapata. Ni murabba, kilichofanywa kuwa nne, na ndugu zake mnao wote mkononi, robo, arobaini, na kwa sisi wa mashairi tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti. Nilikaa miaka naandika tarbia na kupima mita za mraba bila kuwaza kuwa ni neno moja limevaa nguo mbili.


mzee_wa_rula

Na mrabaha je? Ule wa kulipwa mwenye migodi na waandishi. Nao una nne?


binti_tarbia

Hapana mzee wangu, huo ni wa ukoo wa faida, ribh, ile h ya mwisho sio ya bure. Usiupake mraba tope.


rombo_si_mlima

Binti tarbia sasa nieleze hili. Waarabu pembetatu wanaiita muthallath, kutoka kwenye tatu yao, ile iliyoleta thelathini na thuluthi. Tukachukua murabba tukapata mraba, kwa nini hatukuchukua na hiyo tukawa na mthalatha? Tukasema pembetatu. Mbona mwingine ni mgeni na mwingine ni mwenyeji?


binti_tarbia

Kwa nini hasa sina jibu la kukupa zaidi ya kuangalia maneno yenyewe yanafanya kazi wapi. Mraba haukuanza na darasa la jiometri, unatamkwa kwenye kupima, kugawa, kushona, kujenga. Tathlitha tunayo kwenye ushairi, mishororo mitatu, kwa hiyo sio kwamba tatu ya Kiarabu ilitushinda. Ila pembetatu ina uzuri wake na mimi nisingeibadilisha, mtoto wa darasa la sita kaisoma akaielewa bila kuuliza mtu. Na ukiendelea na safu hiyo unaona kichekesho, pembetano ni Kibantu kitupu, pembesita na pembesaba zimechanganya, pembe yetu na hesabu ya Kiarabu, ukifika pembenane umerudi nyumbani tena.

Alafu neno pembe lenyewe. Tulianza na pembe ya ng'ombe, ya mbuzi, ya ndovu, kitu kinachochongoka kichwani kwa mnyama. Kutoka hapo ikawa pembe ya chumba, pembe ya kitambaa, mwisho pembe ya nyuzi 90. Mtu alitazama mahali kuta mbili zinapokutana akaona pembe ya mnyama.


seremala_wa_maneno

Na si sisi tu tulioona hivyo, subiri. Mnajua kona? Piga kona, kona ya meza. Tumeitoa kwa Waingereza, corner, wao waliitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Kilatini, cornu. Cornu ni nini? Pembe ya ng'ombe. Kwa hiyo tukisema pembe na kona tumesema kitu kimoja mara mbili, mara ya kwanza kwa mdomo wetu, mara ya pili kwa neno lililozunguka Ulaya nzima likarudi limenyolewa.

Wagiriki ndio waliotazama kwingine. Kwao pembe ya umbo ni gonia, na hiyo ni ndugu wa gonu, goti. Zile -goni mnazozisikia mwishoni, pentagoni, heksagoni, poligoni, ni magoti. Sisi tuliona pembe za mnyama wao wakaona mguu uliokunjwa, alafu umbo la pande nne wakaliita kwa miguu. Hawa watu na miguu 😄


mzee_wa_rula

Kwa hiyo heksagoni ni magoti sita. Leo nimelipwa.


mwenye_shaka_zake

Nimewasoma wote, mnajua mambo, ila niseme ukweli mimi naona huku ni kujifurahisha. Mtoto anataka kupata eneo la trapeza, sio historia ya meza. Na kama neno halieleweki basi tuweke la kwetu linaloeleweka, kwani shida nini? Msambamba ni mfano mzuri, umetoka kwenye sambamba, unausikia tu unajua pande zinakwenda pamoja. Trapeza lingeitwa nusu-msambamba huko na huko tukamaliza.


chaki_mbili

Mkuu nakubaliana na wewe nusu (sikukusudia). Msambamba ni jina zuri mno, hilo sibishi. Lakini nusu-msambamba litakuletea matatizo siku ya kwanza darasani, kwa sababu nusu ya msambamba ukiukata kwa ulalo ni pembetatu, na mtoto mwenye akili atakuambia hivyo hivyo.

Ila kuna ukweli ndani ya ulichosema na pengine hukuukusudia. Chukua karatasi ukate trapeza mbili zinazofanana kabisa, kila moja upande wa juu sentimita 6, wa chini sentimita 10, kimo sentimita 4. Moja iache kama ilivyo, ya pili igeuze kichwa chini miguu juu, zisogeze mpaka mibavu iliyoinama ishikane. Umepata msambamba mmoja wenye kitako cha 10 na 6, yaani 16, na kimo kile kile 4. Eneo lake 64. Trapeza moja ni nusu yake, 32. Ile kanuni tunayokaririshwa, jumlisha pande mbili zidisha kimo gawa kwa mbili, haina uchawi mwingine zaidi ya huo, na ile gawa kwa mbili ambayo watoto wanaisahau kwenye mtihani ni kwa sababu ulileta mwenzake wa pili akusaidie na sasa unamrudisha.

Kuhusu kujifurahisha, ndio ni kujifurahisha. Ila huyu mtoto hakuuliza eneo, aliuliza jina.


rombo_si_mlima

Swali la pembeni, msambamba nao si una pande mbili sambamba? Basi nao ni trapeza?


chaki_mbili

Inategemea kitabu. Kuna wanaosema trapeza ni lenye jozi MOJA TU ya pande sambamba, hapo msambamba uko nje. Kuna wanaosema angalau jozi moja, hapo msambamba ni trapeza maalumu na mraba nao umo. Wanahesabu wengi wa leo wanapenda hii ya pili kwa sababu kanuni inayofanya kazi kwenye trapeza inafanya kazi kwa wote bila kuanza upya. Kwa mtihani fuata kitabu chako, usimpelekee msahihishaji ubishi.

Na wewe jina lako nalo lina kisa. Rombo kwa Wagiriki, rhombos, ilikuwa kitu cha kuzungushwa, kibao kinafungwa kamba unakizungusha hewani kinavuma vuuuu. Kivumishi halisi, sio kile cha sarufi.


binti_tarbia

Chaki mbili hapo umenikumbusha pia. Pia ya kuchezea, ile inayozungushwa kwa kamba, ndio jina tulilolipa umbo lenye kitako cha duara na ncha moja. Wagiriki umbo hilo hilo waliliita konos, tunda la msonobari, ndio hii koni. Yaani kitu cha kuzungushwa kwao kikawa rombo kwetu kikawa koni. Na tufe ni mpira, sphaira nayo ni mpira, hapo tukakutana.

Duara msiniulize, ni ukoo wa kuzunguka, ndugu zake duru na idara. Ndio, idara, kuendesha mambo ni kuyazungusha, na aliyewahi kufuata karatasi yake kwenye idara yoyote anajua neno halikukosea.


mwenye_shaka_zake

😂 Hiyo ya idara nimeikubali bila ushahidi.


kalamu_ya_mkaa

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilimkalisha jana jioni nikampa yote, meza, miguu minne, benki, kapu la Euclid. Ya mstatili nikaomba radhi, nikamwambia mjomba alipanda basi lingine. Alisikiliza vizuri. Alafu akanyamaza akaenda kwenye meza yetu ya kulia, ni mstatili wa kawaida kabisa, akavuta kiti akakaa upande wa kichwani, akashusha kidevu mpaka karibu na ubao. Akaniita. "Mjomba njoo uangalie. Ukikaa hapa ni trapeza."

Nikainama na mimi. Kweli bwana. Upande wa karibu yako unauona mrefu, wa kule mbali mfupi, na ile mibavu miwili inakwenda inasogeleana. Trapeza kamili, sasa hivi sioni tena meza kama nilivyokuwa nikiiona. Anadai Wagiriki walikuwa wamekaa hapo. Nimwambieje?


chaki_mbili

Mwambie macho yake ni mazuri na hiyo ni hesabu halali kabisa, ndivyo wachoraji wanavyochora meza ionekane imelala inakwenda mbali. Lakini asiandike kuwa ndio asili ya jina. Neno lilikuwa meza muda mrefu kabla halijawa umbo, na kwa Euclid lilibeba hata maumbo yasiyokuwa na pande sambamba, ambayo hutayaona ukikaa hapo kichwani katikati. Akihama kiti akakaa karibu na kona, ubao huo huo utamwonyesha pembenne ya ovyo isiyo na upande ulio sambamba na mwingine, na hiyo nayo kwa Euclid ni trapeza. Ajaribu.


kalamu_ya_mkaa

Amejaribu, anazunguka meza sasa hivi na rula. Chakula kimesogezwa. Ila kabla hajaondoka kaniachia lingine, nadhani tumemuamsha. Silinda kitabu chake kinaiita mcheduara. Anauliza, kama ni mche, nani kaupanda?


seremala_wa_maneno

Sio mche wa kupanda huo, mwambie afikirie mche wa sabuni, ule mrefu. Mche kwenye hesabu ni umbo ambalo ukilikata popote kwa kunyoosha kisu, uso mpya unaopata ni ule ule wa mwanzoni. Sabuni ikiwa na kitako cha mraba, kila kipande utakachokata kina uso wa mraba, ikiwa ni ya kitako cha duara ndio mcheduara wake. Wagiriki mche wenye pande bapa waliuita prisma, na neno hilo maana yake ni kitu kilichopasuliwa kwa msumeno. Sisi sabuni wao gogo.

Mpe mche mzima na kisu kisicho na makali sana, akate vipande vitatu kwa unene tofauti avipange nyuso zikitazamana. Ila ahesabu nyuso kwanza kabla hamjaenda kunawa.